Oili Iliyotiwa si Oili Iliyofika: Kujenga Shinikizo Kabla ya Kuwasha Injini

1.0 Utangulizi

Mijadala yetu kuhusu nafasi ya Kiswahili katika sayansi na teknolojia aghalabu huishia kwenye orodha za istilahi. Tunaulizana kitu hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, tunapanga safu mbili za maneno, kisha tunafunga daftari. Hata hivyo, lugha huthibitisha uwezo wake pale inapoeleza jinsi vitu vinavyofanya kazi, sababu za kufanya hivyo, na mpangilio wa hatua zake, hivi kwamba msikilizaji aweze kutenda jambo lililo sahihi pasipo kusimamiwa.

Makala haya yanachukua jambo moja dogo la gereji na kulieleza mwanzo hadi mwisho. Jambo lenyewe ni kujenga shinikizo la oili ndani ya injini baada ya kubadilisha oili na kabla ya kuiwasha injini hiyo. Ni kazi ya dakika chache isiyohitaji kifaa cha ghali. Pamoja na hayo, aghalabu hupuuzwa, na mahali pengine haijulikani kabisa. Anayeumia ni mwenye matatu aliyelinunua kwa mkopo, mwenye lori la kubebea mchanga, au mwenye mashine ya kusaga unga kijijini ambayo injini yake ya dizeli ndiyo tegemeo la karo na chakula cha familia nzima. Injini inapoharibika, riziki husimama, ilhali malipo ya mkopo hayasimami.

Tutaanza kwa kueleza kazi ya oili, kisha tufuate safari yake ndani ya injini, tutofautishe shinikizo na kiwango, tueleze utaratibu wa kulijenga shinikizo hilo, na hatimaye tuangalie jinsi maneno tunayoyatumia yanavyosaidia au kukwamisha ufahamu wa jambo lenyewe.

2.0 Kazi ya Oili Ndani ya Injini

Watu wengi huidhania oili kuwa kitu cha kupakwa, mithili ya grisi inayopakwa kwenye bawaba za mlango ili zisilie. Dhana hiyo haitoshi. Oili ya injini hupoza, husafisha, huzuia kutu, na husaidia kuziba mwanya uliopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Lakini kazi yake ya kwanza ni kuyatenganisha madini mawili yasigusane kamwe wakati injini inapofanya kazi.

Tuchukue mfano wa krankishafti, yaani ule mtaimbo mkuu unaozungushwa na pistoni. Krankishafti huzunguka ndani ya beringi za nusu duara zilizopakwa madini laini. Mwanya uliopo kati ya krankishafti na beringi zake katika injini nyingi za magari madogo ni wa sehemu chache tu za mia za milimita, kiasi kinachokaribiana na unene wa unywele mmoja wa binadamu. Ndani ya mwanya huo ndimo oili inamofanyia kazi yake kubwa.

Mnamo mwaka wa 1883, mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akifanya majaribio ya beringi za aina iliyotumika katika mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi akikusudia kutilia oili hapo. Badala ya oili kushuka, ikapanda na kumwagika nje. Akaliziba tundu kwa kizibo cha mbao. Kizibo nacho kikasukumwa nje. Ikadhihirika kwamba mtaimbo unaozunguka ulikuwa ukiivuta oili na kuisukuma katika pembe nyembamba kwa nguvu nyingi kiasi cha kuubeba mzigo wote. Mwaka wa 1886, Osborne Reynolds alieleza jambo hilo kwa hisabati, na maelezo yake yangali msingi wa taaluma ya ulainishaji hadi leo.

Msomaji anaweza kulielewa jambo hili kwa kufikiria gari linalokwenda kasi juu ya barabara iliyofurika maji ya mvua. Gurudumu huyavuta maji na kuyabana chini yake hadi gari lote huelea na usukani hukosa kutii. Barabarani hiyo ni ajali. Ndani ya beringi hiyo ndiyo salama yenyewe: krankishafti huelea juu ya utando wa oili, na madini hayagusani. Kwa hivyo, injini yenye afya haisimami juu ya chuma. Inasimama juu ya umajimaji.

Ikumbukwe kwamba utando huu una masharti mawili. La kwanza ni kwamba sharti krankishafti izunguke. La pili ni kwamba sharti oili iwepo hapo hapo, kwenye mwanya, na izidi kuletwa, kwa sababu kila inayobanwa huvuja pembeni na kurudi chini. Likikosekana sharti hili la pili, mzunguko unakuwa msuguano mtupu.

3.0 Safari ya Oili

Oili tunayoitia kwa juu haikai juu. Huteremka hadi kwenye bakuli lililo chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Huko hukaa ikisubiri pampu. Pampu ya oili huendeshwa na injini yenyewe, ama na krankishafti moja kwa moja au kwa kupitia gia, mnyororo au mtaimbo mwingine. Hapa ndipo penye kitendawili cha jambo zima: injini huhitaji oili ili izunguke kwa usalama, na pampu huhitaji injini izunguke ndipo iweze kuleta oili.

Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu kupitia chujio la waya, kisha huisukuma kwenye filta. Kutoka kwenye filta oili huingia katika mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya bloku ya injini. Mfereji huo ndio mto wenye matawi. Tawi moja huenda kwa kila beringi kuu ya krankishafti. Kutoka hapo, vijitundu vilivyotobolewa ndani ya krankishafti yenyewe huipeleka oili kwenye beringi za konrodi, ile mikono inayoziunganisha pistoni na krankishafti. Tawi jingine hupanda juu hadi kwenye kamshafti na vali. Injini yenye tabochaja huwa na tawi linalokwenda huko pia. Baada ya kazi, oili yote hudondoka na kurejea kwenye sampu, na safari huanza upya.

Lipo jambo moja linalowachanganya hata baadhi ya mafundi. Pampu kwa yenyewe haitengenezi shinikizo, inatengeneza mtiririko. Shinikizo huzaliwa pale mtiririko huo unapokutana na upinzani wa mianya myembamba. Mtu anayeubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba hulijua hili kwa mkono wake. Pampu inayosukuma hewa ndani ya mifereji mitupu haina cha kuipinga, na ndiyo maana haina shinikizo. Shinikizo linapopanda, ujumbe wake ni huu: mifereji imejaa, hewa imetoka, oili imefika.

4.0 Shinikizo si Kiwango

Kwenye dashibodi ya magari mengi kuna taa nyekundu yenye mchoro wa birika lenye tone mdomoni. Madereva wengi huamini kwamba taa hiyo huwaka oili inapopungua. Kwa hakika, katika magari mengi taa hiyo haijui chochote kuhusu kiasi cha oili kilichomo kwenye sampu. Imeunganishwa na swichi iliyopachikwa kwenye mfereji wa oili, nayo hujua jambo moja tu: iwapo pana shinikizo au hapana. Aghalabu swichi hiyo huizima taa pale shinikizo linapofika kiasi cha nusu ya bar hivi, au hata chini ya hapo. Bar moja ni karibu sawa na uzito wa hewa unaotukandamiza sote tukiwa ufuoni. Injini iliyo nzima, ikiwa katika mwendo wa kawaida, huwa na shinikizo la bar mbili hadi nne au zaidi, kutegemea aina yake.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kiwango hupimwa kwa kijiti. Shinikizo hupimwa kwa swichi au kwa geji. Sampu inaweza kujaa hadi alama ya juu ilhali shinikizo ni sifuri, kwa mfano pampu ikiwa imekufa, chujio likiwa limezibwa na uchafu, au mifereji ikiwa na hewa. Dereva anayeona taa nyekundu ikiwaka njiani, akasimama, akapima kwa kijiti, akakuta oili imejaa, akahitimisha kwamba taa ndiyo mbovu na kuendelea na safari, amesoma kiwango akadhani amesoma shinikizo. Dakika chache za kosa hilo zinatosha kuiua injini.

Aidha, taa isiyowaka kabisa si habari njema. Ufunguo unapowashwa kabla ya injini kuzunguka, taa hiyo lazima iwake, maana wakati huo hapana shinikizo. Isipowaka, ama globu imeungua, ama waya umekatika, ama kuna aliyeichomoa ili mnunuzi asiione.

5.0 Kinachotokea Baada ya Kumwaga Oili

Oili ya zamani inapomwagwa na filta mpya kufungwa, mambo matatu hubadilika. Sampu huwa tupu, filta huwa kavu, na sehemu ya mifereji huwa imeingiwa na hewa. Kisha oili mpya hutiwa. Kijiti huonyesha kwamba imejaa. Fundi hufunga kifuniko, dereva huwasha gari.

Katika sekunde zinazofuata, pampu huanza kwa kuijaza filta. Filta ya gari dogo huweza kumeza kiasi cha nusu lita hivi. Ya lori humeza zaidi. Ni baada ya kushiba ndipo filta inapoiachilia oili iingie kwenye mfereji mkuu. Muda huo wote, beringi hutegemea masalio ya oili ya zamani yaliyonata juu yake.

Hebu tupige hesabu. Injini ikiwa katika mwendo wa kusubiri huzunguka takriban mara 800 kwa dakika. Kwa sekunde 10 huwa imezunguka zaidi ya mara 130. Injini ya silinda nne hupata miako miwili kwa kila mzunguko, kwa hivyo katika sekunde hizo 10 konrodi huwa zimepigwa mapigo zaidi ya 260. Kila pigo ni mwako unaoisukuma pistoni chini na kuibana beringi dhidi ya krankishafti. Dereva akikanyaga eksileta ili, kama wasemavyo wengine, oili ipande haraka, idadi ya mapigo na uzito wake huongezeka kabla oili haijafika.

Sasa tulinganishe na injini inayozungushwa na stata pekee, pasipo mafuta ya kuwaka. Huzunguka takriban mara 200 kwa dakika, na kwa sekunde 10 huwa imezunguka mara 33 hivi. Pampu inazunguka na kusukuma oili, lakini hapana mwako hata mmoja. Mzigo ulio juu ya beringi ni ule wa kugandamiza hewa tu. Ni kweli kwamba mwendo huu wa polepole hauwezi kujenga utando ulio imara, lakini mzigo nao ni mdogo, na masalio ya oili yanatosha kuubeba. Huu ndio msingi wa utaratibu wote: tunaipa pampu nafasi ya kufanya kazi yake kabla ya kuzitwika beringi mzigo wake.

6.0 Utaratibu wa Kujenga Shinikizo

Hatua zifuatazo zinahusu injini za kawaida za petroli na dizeli. Pale ambapo kitabu cha gari kinatoa maagizo tofauti, kitabu ndicho kifuatwe.

(i) Kufunga filta. Kabla ya kufunga filta mpya, hakikisha raba ya filta ya zamani haikubaki imenata kwenye injini. Raba mbili zikikaa pamoja, oili huchomoka kwa kishindo mara shinikizo linapopanda, na sampu yote huweza kumwagika kwa muda mfupi. Ipake raba mpya oili kidogo, kisha kaza filta kwa mkono kadiri ilivyoandikwa ubavuni mwake.

(ii) Kuijaza filta. Kama filta husimama wima na mdomo wake ukiwa juu, inaweza kujazwa oili safi kabla ya kufungwa. Oili itiwe polepole kupitia vijitundu vya pembeni, ili ipite kwenye karatasi ya kuchuja. Ikitiwa kupitia tundu la katikati huwa imevuka chujio, na uchafu wowote uliomo huenda moja kwa moja kwenye beringi. Kwa sababu hiyo, wapo watengenezaji wanaokataza filta kujazwa kabla, na wapo wanaoagiza ijazwe. Filta inayolala kiubavu hupokea kiasi kidogo tu bila kumwagika.

(iii) Kutia oili na kupima. Tia oili ya aina iliyoagizwa hadi alama ya juu ya kijiti. Hakikisha nati ya sampu imekazwa.

(iv) Kuondoa uwezekano wa mwako. Weka gia huru na uvute breki ya mkono. Kwa gari la petroli la kisasa, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli au ya injekta. Haifai kukata umeme wa plagi pekee na kuiacha petroli iendelee kupulizwa, kwa kuwa petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda na huweza kuharibu kisafishaji cha moshi. Kwa dizeli ya aina ya zamani, chomoa waya wa swichi ya kukatia dizeli iliyo kwenye pampu ya injekta, au vuta wenzo wa kuzimia kama upo. Injini ndogo ya kuzungushwa kwa mkono, ikiwa ni ya aina yenye pampu ya oili, hufungiwa dizeli, wenzo wa kuondolea mgandamizo huinuliwa, kisha huzungushwa kwa hendeli.

(v) Kuzungusha. Washa ufunguo na uhakikishe taa ya oili imewaka. Piga stata kwa sekunde 10 hivi, kisha iache ipumzike kwa dakika moja au zaidi, kwa sababu stata hupata joto haraka. Rudia huku ukiitazama taa au geji. Taa inapozimika wakati stata ingali inazunguka, shinikizo limeanza kujengeka. Ongeza mzunguko mmoja au miwili ili oili ifike sehemu za mbali. Ikiwa baada ya majaribio manne au matano taa haijazimika, usiwashe. Kuna tatizo, na tatizo hilo ni rahisi kulitafuta sasa kuliko baadaye.

(vi) Kuwasha. Rudisha fyuzi au waya. Washa injini pasipo kugusa eksileta. Taa izimike na ibaki imezimika. Ikiwaka kwa zaidi ya sekunde chache, zima mara moja. Iache injini izunguke polepole kwa dakika moja hivi huku ukichungulia chini ya filta na nati ya sampu kuona kama kuna mvujo.

(vii) Kupima tena. Zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti. Kiwango huwa kimeshuka kwa sababu filta na mifereji imechukua sehemu yake. Ongeza kilichopungua.

7.0 Ni Wakati Gani Jambo Hili ni la Lazima?

Msomaji makini anaweza kuuliza: mbona magari mengi hubadilishwa oili na kuwashwa papo hapo, na bado yanatembea? Swali hili ni la haki. Filta nyingi zina vali inayozuia oili isirudi nyuma, pampu hubaki na oili ya kutosha kuziba meno yake, na gari dogo lililo zima huzima taa kwa muda wa sekunde chache. Vitabu vingi vya magari madogo havidai zaidi ya kuwasha na kuiacha injini itulie. Kwa magari ya namna hiyo, utaratibu tuliouelezea ni tahadhari isiyo na gharama. Hatuwezi kudai kwamba kila anayeuacha ataiua injini yake.

Lakini zipo hali ambapo tahadhari hugeuka kuwa faradhi. Ya kwanza ni injini iliyofunguliwa na kuundwa upya. Ndani yake hamna masalio ya oili isipokuwa yale fundi aliyoyapaka, na pampu yenyewe huwa kavu na hushindwa kuvuta. Mafundi stadi huijaza pampu vaselini au oili nzito kabla ya kuifunga ili iweze kuvuta mara inapozunguka. Ya pili ni gari lililokaa kwa miezi mingi bila kuwashwa. Ya tatu ni injini iliyoachwa bila oili usiku kucha ikisubiri vipuri. Ya nne ni injini ya lori yenye filta kubwa. Ya tano ni injini yenye tabochaja, kwa sababu mtaimbo wa tabochaja ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo hauvumilii ukavu.

Wahandisi wa injini kubwa hawaliachi jambo hili kwa bahati wala kwa kumbukumbu ya mtu. Injini za dizeli za meli na za vituo vya umeme, kama zile zilizojengwa Kipevu, Mombasa, kwa kawaida huwa na pampu ya pekee inayoendeshwa kwa umeme. Kazi yake ni kuleta oili kwenye beringi kabla ya injini kuzunguka. Aghalabu mfumo wa kuwashia hukataa kutii mpaka shinikizo lifike kiasi kilichowekwa. Kwa maneno mengine, injini yenye thamani kubwa hulindwa na mtambo. Ya mwenye matatu hulindwa na ujuzi wa fundi peke yake, na ujuzi huo hupitishwa kwa lugha.

8.0 Lugha ya Gereji na Ufahamu wa Jambo

Mintarafu ya lugha, tumeona katika maelezo haya jozi tatu za maneno ambazo kwazo ufahamu husimama au huanguka.

Jozi ya kwanza ni mafuta na oili. Katika matumizi ya kawaida, neno mafuta hubeba petroli, dizeli, oili ya injini, na hata mafuta ya kupikia. Kukanyaga mafuta ni kuongeza kasi. Hebu tufikirie agizo hili: kata mafuta, kisha zungusha mpaka mafuta yafike. Ni sentensi sahihi kisarufi, na fundi aliyeikusudia anaielewa; mwanagenzi anayeisikia mara ya kwanza ataona kwamba inajipinga. Gereji imekwisha kulitatua tatizo hili kwa kutenga neno oili kwa ajili ya kilainishi. Mwandishi anayelikwepa neno hilo kwa sababu ya ukopo wake na kurejea kwenye mafuta ya kulainishia atakuwa ameupata usanifu na kuupoteza uwazi, hasa katika maagizo yanayopaswa kuwa mafupi.

Jozi ya pili ni kupiga stata na kuwasha. Kitenzi kuwasha tumekirithi kutoka kwenye moto na taa, vitu ambavyo ama vinawaka ama havijawaka. Kinapotumiwa kwa injini, hukifunika kile kipindi cha katikati ambapo injini inazunguka lakini haijawaka, na kumbe kipindi hicho ndicho kiini cha mada yetu. Mafundi, kwa kusema piga stata bila kuwasha, wamelitenganisha tendo la kuzungusha na tendo la kuwasha. Hii ni tofauti ya kitaalamu iliyokwisha kuumbwa na wazungumzaji wenyewe.

Jozi ya tatu ni kiwango na shinikizo. Hapa gereji husema presha, hospitali na vyombo vya habari husema shinikizo, na vitabu vya fizikia hutumia pia kanieneo. Neno hili la mwisho, ingawa halijaenea mitaani, lina faida ya kujieleza: ni kani juu ya eneo. Mwalimu anaweza kulitumia kuonyesha kwa nini kani ile ile ikitua juu ya eneo dogo huleta kanieneo kubwa zaidi. Fundi naye anaweza kuendelea na presha yake. La msingi ni kwamba neno lolote litakalochaguliwa lisichanganywe na kiwango, kwa kuwa mchanganyiko huo ndio unaomfanya dereva aongeze oili pale anapopaswa kuzima injini.

Isitoshe, kuna maneno ya gereji yanayosimulia historia ya makosa yetu. Hapa Kenya tunasema kumwaga oili tukimaanisha kazi nzima ya kubadilisha oili. Jina limeishia kwenye nusu ya kwanza ya kazi, kana kwamba kuirudisha oili mahali pake si sehemu yake. Vivyo hivyo, tunasema injini imenoki tukimaanisha imekufa. Katika Kiingereza, asili yake ni neno la kugonga, yaani ule mlio wa beringi iliyolegea unaosikika kabla ya mwisho. Sisi tumelichukua jina la onyo tukalifanya jina la kifo. Pengine ni kwa sababu mara nyingi onyo lenyewe hatukulisikia.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba iyo hiyo, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa hiyo. Lakini kitabu kinachokuja na gari, likiwa na kitabu, aghalabu huwa katika Kiingereza au Kijapani. Mwanagenzi wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, anayejifunza kwa kumtazama mkubwa wake, hupokea hatua bila sababu. Hatua isiyo na sababu ndiyo ya kwanza kuachwa siku ya haraka.

9.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba oili huilinda injini pale tu inapokuwa imefika kwenye beringi, na kwamba dalili ya kufika huko ni shinikizo, wala si alama ya kijiti. Tumeonyesha pia kwamba muda uliopo kati ya kutia na kufika unaweza kupitishwa kwa usalama kwa kuizungusha injini pasipo mwako, na kwamba kwa injini mpya, kavu au kubwa, kufanya hivyo si hiari. Wahenga walisema kawia ufike. Katika suala hili anayepaswa kufika kwanza ni oili, dereva atafuata.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tunapendekeza kazi mbili. Kwanza, ukusanyaji wa msamiati wa gereji ufanywe gerejini, pamoja na sentensi ambamo maneno hayo hutumika, kwa sababu tofauti kama ile ya kupiga stata na kuwasha haionekani katika orodha. Pili, vyama vyetu viandike vijitabu vifupi vya maagizo yenye sababu zake, vikaguliwe na mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi, kisha visambazwe kwa wanagenzi. Kijitabu cha kurasa nne kuhusu kubadilisha oili hakitaleta tuzo ya fasihi. Kitakachokipima ni taa nyekundu kuzimika kabla ya injini kuwaka.